Koili za platini kwenye ubongo wa binti yangu: maoni ya baba kuhusu huduma tuliyoipata Chennai

Mimi ni sonara, duka langu lipo Mji Mkongwe, Unguja. Huu ni mwaka wa ishirini na sita nakaa na mizani ya gramu na miwani ya kukuzia. Nalitaja hili mapema kwa sababu hospitali tuliyokwenda nimeihukumu kwa jicho la kazi yangu: nilitazama wanavyopima.

Mgonjwa ni binti yangu. Wakati huo alikuwa na miezi minne na wiki moja, uzito wake kilo sita na gramu mia mbili. Ugonjwa ni anurizimu iliyopasuka, yaani ukuta wa mshipa wa damu ndani ya ubongo ulikuwa dhaifu, ukatuna kama kiputo, kisha ukavuja damu. Matibabu yalikuwa kukijaza kile kiputo koili za platini, yaani nyuzi nyembamba sana zinazojikunja ndani yake, kwa kupitia mshipa wa kinena, fuvu lisiguswe. Mahali ni hospitali ya binafsi mjini Chennai, India. Jina lake siliandiki. Daktari leo yupo hapa, kesho kahamia kwengine, na mzazi mwenye mtoto mgonjwa hatasaidiwa na bango la mlangoni. Atasaidiwa na kujua aulize nini na aangalie nini.

Nimewapa nyota nne kwa tano.

Ilianza kwa kutapika. Usiku wa Jumanne alinyonya, akatapika yote, akaanza kilio ambacho mama yake hakukijua, chembamba, cha juu, ziwa halikinyamazishi. Alfajiri mkono wake wa kulia ukawa unarukaruka wenyewe. Tukasema degedege. Tulikompeleka tukaambiwa ni homa, tukapewa dawa ya malaria ilhali kipimo hakikuonyesha malaria, tukarudishwa nyumbani. Siku ya pili tukaenda tena, tukarudishwa tena.

Aliyegundua ni mkwe wangu, bibi yake mtoto, aliyelea watoto wanane wa kwake na sijui wangapi wa jirani. Alimpakata, akapitisha kiganja juu ya utosi, akanyamaza kidogo. Kisha akaniambia: "Baba, mtoto aliyetapika siku mbili utosi wake hubonyea. Huu umetuna, umekaza kama ngozi ya ngoma. Huyu si wa malaria." Usiku ule ule tukaondoka kwenda mahali pengine, na mkwe wangu akayarudia maneno yale yale kwa daktari wa zamu. Daktari yule, Mola amlipe kheri, alimsikiliza mpaka mwisho. Aliweka kile kifaa cha ultrasound juu ya utosi wenyewe. Sikujua kwamba mtoto mchanga ana dirisha hapo ambalo sisi watu wazima hatuna, maana mifupa haijafunga na mawimbi hupita. Akaona damu. Kesho yake tulivuka kwenda Dar es Salaam kupiga siti skani ya mishipa, na picha ikaonyesha kiputo upande wa kushoto, kwenye mshipa wa kati wa ubongo, upana wake milimita kumi na moja. Kwa mtu mzima kiputo cha ukubwa huo si kidogo. Fikiria kichwa cha mtoto wa miezi minne.

Tukaambiwa jambo hili ni nadra sana. Anurizimu za watoto wa umri wote kwa pamoja hazifiki asilimia 5 ya anurizimu zote, na wachanga ni sehemu ndogo ya hao. Ndiyo maana wengi hudhaniwa wana homa ya uti wa mgongo au degedege tu. Nayaandika haya bila kinyongo na wale wa mwanzo. Lakini mzazi mwenzangu, utosi uliotuna kwa mtoto anayetapika usikubali kurudishwa nao nyumbani.

Tuliporudi Unguja alianzishiwa phenobarbital ya kuzuia degedege, nami nikaanza kutafuta. Mawakala wa kupeleka wagonjwa nje walinijia watatu kwa wiki moja. Mmoja alikuwa amekwishanichagulia hospitali kabla hajaiona picha ya mtoto. Nilimshukuru, nikamwambia sihitaji. Nikaandika mwenyewe kwa hospitali nne za India, nikiambatanisha picha zote, nikauliza maswali matatu tu. Daktari atakayefanya kazi hii ameshawatibu watoto wangapi walio chini ya mwaka mmoja, na wamekuwaje? Nani atampa nusukaputi, na yeye amezoea watoto wa kilo ngapi? Ile dawa ya kuonyesha mishipa kwenye picha, mtampa mililita ngapi kwa kila kilo, na mkifika kikomo kazi haijaisha mtafanya nini?

Hospitali mbili zilinijibu kwa bei peke yake. Ya tatu ilinitumia picha ya jengo. Ya nne alijibu daktari mwenyewe, usiku, kwa mistari michache: watoto sita chini ya mwaka mmoja katika miaka kumi na moja, mmoja amefariki, mmoja ana udhaifu wa upande mmoja, wanne wanaendelea vizuri. Mtaalamu wa nusukaputi ni mama mmoja ambaye kazi yake ni vichanga tu. Na dawa ya picha, "tukifika kikomo tunasimama, tunampumzisha, tunarudi siku nyingine." Jibu hilo la mwisho ndilo lililonikatia shauri. Fundi anayejua mahali pa kuacha ndiye fundi.

Safari sitaieleza sana. Andaa pasipoti ya mtoto mapema, viza ya matibabu ya mgonjwa na viza za wasindikizaji wawili, na barua ya daktari kwa shirika la ndege. Tangu kutapika kwa kwanza mpaka kulazwa Chennai zilipita siku kumi na saba, na kila siku ilikuwa na hofu yake, kwa sababu anurizimu iliyokwishapasuka yaweza kupasuka tena.

Sasa nije kwenye huduma yenyewe.

Daktari alikaa nasi karibu saa nzima. Alichora mshipa kwenye karatasi, akatueleza njia mbili. Ya kwanza ni kufungua fuvu na kukibana kiputo kwa klipu kwenye shingo yake, pale kinapoungana na mshipa. Ya pili ni kupita ndani ya mshipa kwa katheta, mpira mwembamba mrefu. Kisha akachukua chupa ya maji ya kunywa ya nusu lita iliyokuwa mezani, akaiweka mbele yetu. Akasema: mtoto ana takriban mililita themanini za damu kwa kila kilo, kwa hiyo damu yote ya binti yenu ni hii. Mke wangu aliitazama ile chupa akaanza kulia, nami nilielewa zaidi ya nilivyoelewa kwenye ripoti zote. Damu ambayo mtu mzima akimwagika ataambiwa anywe juisi apumzike, kwa huyu ni robo ya uhai wake. Alituambia hii ni sababu kubwa ya kuchagua njia ya mshipa kwake, ingawa klipu nayo ina mahali pake na wapo watoto wanaoihitaji.

Nilimuuliza kwa nini asiweke stenti, kile kijibomba cha wavu kinachoachwa ndani ya mshipa, maana nilikuwa nimesoma kuhusu stenti. Akajibu kwamba stenti inataka dawa za kulainisha damu kwa miezi, na huyu ametoka kuvuja damu kichwani. Tena mshipa wa mtoto utakua, stenti haikui. Akatuambia pia jambo ambalo wengine wangelificha mpaka mwisho: kama kiputo hakina shingo nzuri ya kushika koili, atalazimika kuufunga mshipa wenyewe, wote, pale ulipoharibika. Ubongo wa mtoto mdogo mara nyingi una njia za pembeni za kuleta damu, nzuri kuliko za mtu mzima, lakini haiwi hakika. Tuliweka saini kwa yote mawili. Hakutuharakisha.

Siku yenyewe walimchukua saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi. Mzazi haingii ndani. Ila baadaye daktari alinipa nakala ya karatasi ya kazi, na karatasi ile nimeihifadhi kwenye sefu la duka pamoja na vitu vya thamani.

Nitakwambia kilichoandikwa. Kila mililita ya dawa ya picha iliandikwa na saa yake. Kikomo walichojiwekea kilikuwa mililita thelathini na moja, yaani tano kwa kilo. Walitumia ishirini na mbili. Maji ya chumvi yenye heparini yanayopitishwa kwenye katheta ili damu isigande nayo yalihesabiwa, kwa sababu kwa mtu mzima ni matone tu, lakini kwa mtoto wa kilo sita matone ya muda wa saa nne yaweza kumjaza maji na kumzidishia heparini. Damu waliyochota kwa vipimo iliandikwa: mililita tatu na nusu. Joto la mwili liliandikwa kila robo saa, kwa kuwa chumba kile huwa baridi kwa ajili ya mashine, na mtoto mchanga hupoteza joto haraka. Walimlaza juu ya blanketi linalopulizwa hewa ya moto. Hata miale ya eksirei waliipunguza, wakipiga picha chache kwa sekunde kuliko kawaida, na hilo nalo limo kwenye karatasi.

Nimefanya kazi na mafundi wengi. Fundi mzuri hutamjua kwa pete iliyokwisha. Tazama vumbi la dhahabu mezani kwake, kama analikusanya au analipuliza. Watu hawa walikusanya vumbi.

Bomba la kuingilia kinenani lilikuwa la 4 French. French moja ni theluthi moja ya milimita, kwa hiyo njia nzima ni milimita moja na kitu, na mshipa wa kinena wa mtoto wa umri huo wenyewe ni mwembamba sana. Ndani yake ikapita katheta ndogo, isiyofika hata milimita moja, ikapanda tumboni, kifuani, shingoni, mpaka ndani ya kichwa, daktari akiifuata kwenye skrini.

Kuhusu koili nina mengi ya kusema, wanisamehe wasiopenda madini. Daktari alinionyesha moja ya maonyesho. Ni waya wa platini mwembamba kuliko unywele, uliosokotwa kuwa springi, na springi hiyo nayo imefunzwa kujikunja duara inapotoka kwenye bomba. Nimevuta waya wa dhahabu na fedha tangu ujana wangu, waya kama ule siwezi. Platini huchanganywa na tungisteni kidogo ili ishike umbo. Kwa nini platini? Ni nzito kuliko dhahabu: sentimita moja ya ujazo ina zaidi ya gramu ishirini na moja, ya dhahabu ni kumi na tisa na kidogo. Uzito huo ndio unaoifanya ionekane vizuri kwenye eksirei. Haipati kutu, mwili hauikatai, na sumaku haiivuti, kwa hiyo mtoto anaweza kuingia MRI, mashine ya picha yenye sumaku kubwa, baadaye.

Na namna inavyoachwa! Koili imeunganishwa na waya wa chuma cha pua unaoisukuma. Maadamu imeungwa, daktari anaweza kuivuta na kuirudisha mpaka ikae vizuri. Akiridhika, hupitisha umeme mdogo sana, na ile sehemu ya chuma kwenye kiungo huyeyuka ndani ya damu, platini ikabaki. Sisi masonara tunaochovya vitu dhahabu tunaujua umeme wa namna hii. Unachukua madini upande mmoja na kuyapeleka mwingine, nao huchagua chuma dhaifu kwanza. Aliyebuni koili za namna hii ni daktari wa Kiitaliano, Guido Guglielmi, akiwa Los Angeles, na wagonjwa wa kwanza walitibiwa mwaka 1990. Marekani iliziidhinisha rasmi mwaka 1995. Mimi nilikuwa kijana wa kufagia duka la mwalimu wangu wakati huo, nikijifunza kulehemu.

Kwa binti yangu ziliingia koili tano. Mshipa wenyewe ulibaki wazi. Alitoka saa tano na robo.

Usiku wa kwanza ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, ndio ulionionyesha manesi. Kuna hatari ambayo wazazi hatuijui kwa sababu macho yetu yote yako kichwani: mguu. Mshipa wa kinena ulioingiliwa ni mdogo, ukishikwa na bomba kwa saa kadhaa waweza kubana au kuganda. Saa nne usiku nesi aliugusa mguu wa kulia, akagusa wa kushoto, akaita mwenzake. Wa kulia ulikuwa wa baridi na umepauka. Walileta kidoppler cha mkononi, wakasikiliza mapigo kwenye unyayo kila dakika kumi na tano. Daktari akaongeza heparini kwa kipimo, wakaufunga pamba mguu mwingine ili mwili upeleke joto. Mke wangu alisimama pale mpaka alfajiri akiwa ameushika unyayo ule. Saa kumi na moja sauti ya mapigo ikarudi, shwi, shwi, na vidole vikawa vyekundu. Nesi yule hakuwa na jambo lolote la kumlazimisha aguse miguu saa ile isipokuwa karatasi iliyosema: gusa. Ukienda popote, uliza nani atapima mapigo ya miguu usiku, na kila baada ya muda gani.

Alikaa ICU siku tisa, akipewa nimodipine kuzuia mishipa isikakamae baada ya damu ile iliyomwagika, na kila asubuhi walimpima mzunguko wa kichwa kwa utepe. Damu ikikauka ndani huweza kuziba njia za maji ya ubongo, kichwa kikaanza kukua. Kwetu Afrika Mashariki jambo hilo si geni. Wazazi wengi wenye watoto wa vichwa vikubwa wanaijua MOI, taasisi ya mifupa na ubongo ya Muhimbili, Dar es Salaam, na hospitali ya CURE kule Mbale, Uganda, alikofanya kazi Dk. Benjamin Warf na kuendeleza njia ya kufungulia maji bila kumwachia mtoto shanti, ule mpira wa kutolea maji, kichwani. Kwetu haikufika huko, alhamdulillah. Utepe ulibaki kwenye mstari wake.

Kitanda cha jirani alikuwapo mtoto wa wiki tatu, wazazi wake Waomani, nao walisema "anurizimu". Ni ugonjwa mwingine. Ule unaitwa anurizimu ya mshipa wa Galen, na kwa kweli ni ateri, mishipa ya kupeleka damu, zilizomwaga damu moja kwa moja kwenye mshipa wa kuirudisha moyoni, mpaka moyo wa kichanga ukachoka. Huko hawaendi na koili peke yake, mara nyingi ni gundi. Tena hawakimbilii: kuna alama za kupima hali ya mtoto, jumla yake 21, zilizotungwa hospitali ya Bicêtre, Ufaransa, kwa kazi ya daktari Pierre Lasjaunias, na hizo ndizo huwasaidia kuamua watibu leo au wamlee kwa dawa mpaka afike miezi kama mitano. Nimeandika haya ili mzazi asichukue bei au matumaini ya mtoto wangu akayaweka kwa mtoto mwenye jina la ugonjwa linalofanana.

Nyota moja nimeipunguza kwa mambo mawili.

La kwanza, hesabu ya fedha haikuwa na uangalifu wa hesabu ya dawa. Tulikadiriwa dola 9,500, tukalipa 12,300. Makadirio yalikuwa na koili tatu, zilitumika tano, na kila koili ina bei yake. Siku za ICU za ziada nazo zilihesabiwa kando. Sidai kwamba walinidhulumu. Risiti ilikuwa na kila kitu. Lakini mtu aliyeuza kiwanja kuja pale alistahili kuambiwa tangu mwanzo: huenda zikawa tatu, huenda zikawa saba, na kila moja ni kiasi hiki. Nyongeza ile niliilipa kwa mkopo wa ndugu, bado nalipa.

La pili, mkalimani. Kijana wa Kitanzania anayesoma huko, mwenye adabu na moyo mzuri, lakini alikuwa mmoja kwa wodi nzima. Usiku wa mguu hakuwapo. Nesi alikuwa akisema na mke wangu kwa ishara wakati ambao neno moja la Kiswahili lingemtuliza. Kigujarati changu cha dukani hakikufaa kitu, Chennai wanasema Kitamil. Hospitali inayopokea wagonjwa wengi kutoka kwetu iweke hata namba ya simu ya usiku.

Chakula ni cha pilipili, ila ukiomba uji wa mchele unaletwa. Nyumba za wageni nyuma ya hospitali zina jiko, chukua yenye jiko. Usiondoke bila CD ya picha zote, mbili ikiwezekana, pamoja na karatasi yenye aina na idadi ya koili. Huku nyumbani ndiyo kitu cha kwanza nilichoombwa kila nilipokwenda.

Picha ya miezi sita tuliifanya huko huko. Shingoni mwa kile kiputo pameingia damu kidogo, kama milimita mbili. Daktari alituonyesha mwenyewe, hakusubiri tuulize. Mshipa unakua, platini haikui, koili nazo hujibana, kwa hiyo ataendelea kupigwa picha kwa miaka, na huenda siku moja akaongezwa koili nyingine. Picha inayofuata ni MRI, ambayo tutaifanyia Dar es Salaam na kumtumia aisome.

Sasa ana miezi kumi na minne. Anasimama kwa kushika meza. Mkono wa kulia ni mzito kuliko wa kushoto, na mtaalamu wa mazoezi ametupa kazi ya kila siku: kumshika wa kushoto na kumwacha wa kulia uchukue. Namweka dukani kwangu jioni, na sinia ya shaba na shanga kubwa za mbao, anazichukua moja moja na kuzitia bakulini. Mimi naandika. Mwezi uliopita alikuwa akichoka kwenye ya nne. Jana zimeingia kumi na moja.